UFUGAJI WA MBWA: Dripu ya upasuaji hupimwa, haikisiwi

WAFUGAJI wengi wanapompeleka mbwa kufanyiwa upasuaji, jambo la kwanza wanalouliza ni gharama, na la pili ni siku ambayo mnyama atarudi nyumbani. Ni wachache mno wanaouliza kuhusu chupa ya maji inayotundikwa kando ya meza ya upasuaji.

Hata hivyo, chupa hiyo ina usemi mkubwa katika kuamua iwapo mbwa ataamka salama. Maji yakipungua, figo na viungo vingine hukosa damu ya kutosha. Yakizidi, huvuja kutoka kwenye mishipa na kurundikana katika mapafu, utumbo na hata kidonda chenyewe.

Kwa anayefuga mbwa kama kitega uchumi, suala hili si dogo. Jike la kuzalisha au mbwa wa ulinzi aliyefunzwa vyema hugharimu muda mrefu wa malezi, chakula na mafunzo. Mnyama kama huyo akitoka kwenye upasuaji akiwa hai lakini figo zake zimeharibika, mfugaji amepata hasara ambayo haionekani siku hiyo.

Kwa miaka mingi madaktari wa mifugo walifuata kanuni moja ya kiwango cha maji kwa kila mbwa. Kanuni hiyo imebadilika, na mfugaji anayeelewa sababu anaweza kuuliza maswali ya maana kabla ya kutia sahihi fomu ya upasuaji.

KWA NINI MAJI?

Dawa za usingizi haziishii kumlaza mnyama tu. Isoflurani, gesi inayotumika sana katika upasuaji wa mbwa, hutanua mishipa ya damu na kupunguza nguvu za moyo. Kadiri kiwango cha gesi kinavyopandishwa, ndivyo shinikizo la damu linavyoshuka.

Mkulima anayenyunyizia shamba maji anaijua hali hii. Akitoa mpira mwembamba na kuweka mpana huku pampu ikiwa ni ile ile, maji hayajapungua, lakini msukumo unalegea na mimea iliyo mbali haifikiwi.

Kwa mbwa aliye chini ya dawa ya usingizi, wastani wa shinikizo katika ateri ukishuka chini ya milimita 60 za zebaki, daktari huhesabu kuwa mnyama yuko hatarini. Figo ni miongoni mwa viungo vinavyoumia mapema.

Zaidi ya hapo, mnyama hupoteza maji kupitia pumzi, kidonda kilicho wazi na damu inayotoka. Mbwa aliyefika kliniki akiwa ametapika au kuhara kwa siku mbili huwa tayari ana upungufu kabla hata kisu hakijamgusa.

KANUNI YA ZAMANI

Kwa muda mrefu kiwango kilichozoeleka kilikuwa mililita 10 za maji kwa kila kilo ya uzani wa mbwa kwa saa. Mbwa wa kilo 30 alipata mililita 300 kila saa, na chupa ya mililita 500 ilimalizika kwa saa moja na dakika 40.

Mwaka wa 2013, mashirika mawili ya Marekani, American Animal Hospital Association na American Association of Feline Practitioners, yalitoa mwongozo uliopunguza kiwango hicho kwa nusu. Mbwa mwenye afya alipendekezewa kuanza na mililita 5 kwa kilo kwa saa, na paka mililita 3.

Mwongozo huo pia ulishauri kiwango kipunguzwe kwa robo kila saa upasuaji unapoendelea, mradi hali ya mnyama ni shwari. Yule mbwa wa kilo 30 ataanza na mililita 150 katika saa ya kwanza, kisha takriban 113 katika saa ya pili na 84 katika saa ya tatu.

Sababu ya kupunguza ni kwamba maji ya chumvi hayakai ndani ya mishipa kwa muda mrefu. Baada ya nusu saa hadi saa moja, sehemu inayobaki kwenye damu aghalabu huwa kati ya robo na thuluthi. Yaliyosalia huwa yamepenya na kuingia katika nyama za mwili.

Mbwa aliye macho angeyatoa kwa njia ya mkojo. Aliyelala kwa dawa hutoa mkojo kidogo, na kwa hivyo maji yanayoingia kwa wingi hubaki mwilini. Huyeyusha damu, hupunguza ukolezi wa protini na, yasipopashwa joto, huchangia kumpoza mnyama ambaye tayari anapoteza joto.

MBWA MDOGO, HATARI KUBWA

Hatari ya kukisia huonekana wazi kwa mbwa wadogo. Mbwa ana takriban mililita 80 hadi 90 za damu kwa kila kilo ya uzani wake. Mbwa wa kilo 5 basi ana mililita 400 hadi 450 za damu mwilini mwake wote.

Chupa moja ya mililita 500 ikiachwa ifunguke ovyo, mbwa huyo atamiminiwa maji mengi kuliko damu yote aliyo nayo. Kiwango chake halisi cha kuanzia, kwa kufuata mwongozo wa 2013, ni mililita 25 tu kwa saa.

Hesabu ya matone ni muhimu pale ambapo hakuna pampu ya kudhibiti dripu. Mrija wa kawaida unaotoa matone 20 kwa mililita moja utampa mbwa wa kilo 30 mililita 150 kwa saa ukidondosha matone 50 kwa dakika.

Kwa mbwa mdogo, mrija wa matone madogo, ambao hutoa matone 60 kwa mililita, ni rahisi zaidi kuudhibiti. Idadi ya matone kwa dakika huwa sawa na mililita kwa saa. Mililita 25 kwa saa ni matone 25 kwa dakika.

Dalili za maji kuzidi ni pamoja na ute mwepesi unaotoka puani, uvimbe kwenye utando wa macho, kupumua kwa kasi, sauti ya mchakacho mapafuni na oksijeni kushuka kwenye damu. Dalili hizi zinapoonekana, madhara huwa yamekwisha kuanza.

JE, MOYO UTAITIKIA?

Mililita 5 kwa kilo ni mahali pa kuanzia tu. Mbwa wawili wenye uzani sawa wanaweza kuhitaji viwango tofauti kabisa. Kwa hivyo swali ambalo daktari hujiuliza shinikizo linaposhuka si maji mangapi aongeze, bali iwapo moyo utayatumia maji hayo.

Msingi wa swali hili ulijengwa kwa majaribio ya mioyo ya mbwa. Mnamo 1914, Ernest Starling na wenzake jijini London walionyesha kwamba moyo unapojazwa damu zaidi, husukuma zaidi. Otto Frank wa Ujerumani alikuwa ametangulia kuona jambo kama hilo katika moyo wa chura.

Misuli ya moyo hufanya kazi mithili ya manati. Mpira ukivutwa zaidi, jiwe huenda mbali zaidi. Lakini kuna kikomo ambacho ukikipita, kuvuta zaidi hakuongezi chochote.

Mbwa ambaye moyo wake bado haujafika kikomo hufaidika na maji. Yule aliyekwisha kufika hapati faida yoyote. Kila mililita anayoongezewa inaelekea kuvuja. Kazi ya daktari ni kuwatofautisha wawili hawa kabla ya kufungua dripu.

Lipo jambo jingine ambalo husahaulika. Moyo wa mbwa mwenye afya, hata akiwa macho nyumbani, unaweza kuitikia maji, na haimaanishi kwamba anayahitaji. Maji huongezwa pale tu mambo mawili yanapokutana: kuna dalili kuwa viungo havipati damu ya kutosha, na kuna dalili kuwa moyo utaitikia.

VIPIMO VYA KISASA

Kipimo kilichotegemewa zamani ni shinikizo la damu katika mshipa mkuu unaoingia moyoni. Likiwa chini, ilidhaniwa mgonjwa anahitaji maji; likiwa juu, ametosheka.

Imani hiyo ilitikiswa mwaka wa 2008, Paul Marik na wenzake walipochapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zilizofanywa awali. Waligundua kwamba kipimo hicho hakitabiri vyema ni mgonjwa yupi atakayeitikia maji. Utafiti pekee uliokiunga mkono kwa dhati ulikuwa umefanywa kwa farasi majike saba waliokuwa wamesimama, wakiwa macho.

Sasa vipimo vinavyopendelewa ni vile vinavyotazama mabadiliko. Mbwa anapopumuliwa na mashine, kila pumzi inayoingia huongeza shinikizo kifuani na kubadilisha kwa muda mfupi kiasi cha damu inayorudi moyoni. Iwapo damu ni haba mishipani, mpigo wa ateri hupanda na kushuka sana kwa kufuata pumzi. Damu ikitosha, mpigo hautikisiki sana.

Tofauti hiyo huhesabiwa kwa asilimia. Kwa binadamu, kiwango kinachotajwa sana ni asilimia 13, na anayekizidi huelekea kuitikia maji. Kwa mbwa, tafiti zimetoa viwango tofauti, kwa hivyo madaktari makini hawategemei nambari moja pekee.

Kuna pia kifaa kinachobanwa kwenye ulimi wa mbwa, sawa na kile kinachopima oksijeni, ambacho hukadiria mabadiliko hayo bila kuchoma ateri. Wengine hutumia mashine ya mawimbi ya sauti, ile inayotumiwa kutazama mimba, kuangalia jinsi mshipa mkuu wa nyuma unavyonywea na kutanuka mnyama anapopumua.

Vipimo vya mpigo vina masharti. Mnyama awe anapumuliwa na mashine kwa pumzi za kutosha, moyo wake udunde kwa mpangilio, na kifua kiwe hakijafunguliwa. Mbwa anayepumua mwenyewe wakati wa upasuaji, kama ilivyo katika kliniki nyingi, hatoi majibu ya kuaminika kwa njia hii.

KLINIKI ISIYO NA MASHINE

Kukosa mitambo ya bei ghali si kisingizio cha kukisia. Njia inayoweza kutumika karibu kila mahali ni kumpa mbwa maji kidogo kwa muda mfupi kama jaribio, kisha kuangalia matokeo.

Kiwango cha jaribio huwa kati ya mililita 3 na 10 kwa kilo, kikitolewa kwa takriban dakika 10 hadi 15. Kwa mbwa wa kilo 30, mililita 5 kwa kilo ni mililita 150. Shinikizo likipanda na mapigo ya moyo yaliyokuwa ya kasi yakatulia, mnyama ameitikia. Pasipo na mabadiliko, jaribio linaweza kurudiwa mara moja, kisha daktari atafute chanzo kingine badala ya kuendelea kumimina.

Vifaa vya chini kabisa ni mkanda wa kupimia shinikizo unaofungwa mguuni au mkiani, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kumwangalia mnyama tu. Mtu huyo hutazama rangi ya ufizi, huubonyeza na kuona damu inachukua muda gani kurudi, hushika mpigo wa ateri na kuandika kila kitu kwenye karatasi kila baada ya dakika 5.

Damu inayopotea pia hupimwa kwa njia rahisi. Vitambaa vya kufyonzea hupimwa uzani vikiwa vikavu, kisha baada ya kulowa. Kila gramu inayoongezeka huhesabiwa kama takriban mililita moja ya damu.

MAJI SI DAWA YA KILA KITU

Shinikizo linaposhuka, wengi hukimbilia kufungua dripu. Wataalamu wa dawa za usingizi hushauri mpangilio tofauti.

Kwanza, daktari huangalia iwapo mbwa amelala kupita kiasi. Kupunguza gesi kidogo, na kuongeza dawa ya maumivu pale inapohitajika, mara nyingi hurudisha shinikizo bila tone moja la ziada.

Pili, huangalia kasi ya moyo. Moyo unaodunda polepole mno hausaidiwi na maji. Huhitaji dawa kama vile atropini. Tatu, iwapo kuna dalili za upungufu, maji ya jaribio hutolewa.

Mbwa asipoitikia, hatua inayofuata ni dawa za kukaza mishipa au kuupa moyo nguvu, mfano dopamini, efedrini au noradrenalini. Kwa mnyama ambaye mishipa yake imetanuka lakini damu haijapungua, dawa hizi ndizo zinazotibu chanzo.

HALI ZA DHARURA

Yapo magonjwa ambayo hubadilisha hesabu yote. La kwanza ni tumbo kujaa gesi na kujipinda, tatizo linalowakumba hasa mbwa wakubwa wenye vifua virefu kama Great Dane na German Shepherd.

Tumbo lililojipinda hubana mishipa inayorudisha damu moyoni kutoka sehemu ya nyuma ya mwili. Mbwa huyu huhitaji maji mengi kwa haraka, lakini kwa mafungu, huku akipimwa upya baada ya kila fungu. Sindano ya dripu huwekwa miguu ya mbele, kwani maji yanayoingia kupitia miguu ya nyuma hukutana na mshipa uliobanwa.

La pili ni usaha katika mfuko wa uzazi, ambao huwapata majike ambao hawajafungwa kizazi. Sumu ya bakteria hutanua mishipa na kuumiza figo. Mbwa kama huyu hurekebishiwa maji kabla ya kulazwa, kwani dawa ya usingizi humwongezea balaa aliye na mishipa mitupu.

La tatu ni ugonjwa wa moyo, unaowapata sana mbwa wadogo waliozeeka ambao vali zao zimelegea. Hapa maji hutolewa kwa uangalifu mkubwa, chini ya kiwango cha kawaida, kwa kuwa moyo wao u karibu na kikomo.

Mbwa anapovuja damu nyingi, maji pekee hayatoshi kwa sababu hayabebi oksijeni. Wakati huo huhitajika damu ya mbwa mwingine, na kliniki iliyojipanga hujua mapema itaipata wapi.

AINA YA MAJI

Maji yanayotumika zaidi ni yale yanayokaribiana na chumvi za damu, kama vile Ringer's lactate. Yana asili katika kazi ya daktari Mwingereza Sydney Ringer ya miaka ya 1880, kisha Alexis Hartmann wa Marekani akaongeza laktati katika miaka ya 1930.

Maji ya sukari ya asilimia 5 hayafai kuinua shinikizo. Mwili hutumia sukari na kubakisha maji matupu, ambayo husambaa haraka nje ya mishipa.

Maji mazito yenye wanga yaliwahi kusifiwa kwamba hukaa ndani ya mishipa kwa muda mrefu. Mnamo 2013, mamlaka ya dawa ya Marekani iliyawekea onyo kali kwa sababu ya vifo na madhara ya figo kwa binadamu wagonjwa mahututi, na mwaka wa 2022 Umoja wa Ulaya ukasimamisha idhini ya kuyauza kwa matumizi ya binadamu. Hali hiyo imewafanya madaktari wengi wa wanyama pia kuyatumia kwa tahadhari.

MFUGAJI AFANYE NINI?

Mfugaji hatarajiwi kushika dripu, lakini anaweza kumsaidia daktari, na pia kujua kliniki anayoichagua ni ya namna gani.

Kwanza, ahakikishe mbwa amepimwa uzani siku ile ile ya upasuaji. Hesabu yote ya maji na dawa hutegemea kilo, na uzani wa kukadiria kwa macho huharibu kila kinachofuata.

Pili, aeleze bila kuficha iwapo mbwa ametapika, kuhara, kukataa chakula, kunywa maji kupita kawaida, kukohoa au kuchoka haraka anapokimbia. Dalili mbili za mwisho zinaweza kuashiria tatizo la moyo.

Tatu, afuate maagizo kuhusu kufunga. Chakula huzuiwa kwa saa kadhaa, lakini mbwa mzima mwenye afya kwa kawaida hana haja ya kunyimwa maji ya kunywa usiku kucha. Kumnyima ni kumpeleka mezani akiwa tayari na upungufu.

Nne, aulize maswali manne: Je, sindano ya mshipani itawekwa kabla ya dawa ya usingizi? Nani atakuwa akimwangalia mnyama wakati daktari anapasua? Shinikizo la damu litapimwa kwa kifaa gani? Na kiwango cha dripu kitaandikwa wapi?

Nchini Kenya, anayefanya upasuaji anapaswa kuwa daktari aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, chini ya sheria ya mwaka wa 2011 inayosimamia taaluma hiyo. Mfugaji ana haki ya kuuliza kuhusu usajili huo. Kwa matatizo mazito, kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Kabete, ni miongoni mwa mahali ambapo madaktari hutuma wagonjwa.

Tano, baada ya upasuaji aitishe nakala ya karatasi ya kumbukumbu na kuihifadhi pamoja na kadi ya chanjo. Ikiwa mbwa atahitaji upasuaji mwingine, daktari atakayefuata ataona shinikizo lilishuka lini, alipewa maji kiasi gani, na iwapo aliitikia.

Mbwa akisharudi nyumbani, mfugaji afuatilie mkojo kwa siku mbili tatu za kwanza. Asiyekojoa, anayepumua kwa kasi akiwa amelala, au anayevimba uso na miguu arudishwe kliniki siku hiyo hiyo bila kungoja tarehe ya kutoa nyuzi.